Majasusi Sita na Swali la Mtoto



Wasomaji wetu watukufu, safu ya juma hili imeandikwa mbali na upepo wa bahari. Tuliitika mwaliko wa dada yetu aliyeolewa Kisii, naye makazi yake ni Daraja Mbili, hatua chache kutoka lile soko ambalo siku ya gulio barabara hujaa ndizi, maparachichi na magunia ya mboga hata mpita njia akakosa pa kuweka mguu. Shemeji yetu ni Mnubi wa papo hapo Kisii, wa ukoo wa wale askari walioletwa na Waingereza wakaachwa wajenge walipofika. Kwa hiyo nyumba ile husikika Kiswahili cha Mombasa jikoni, Kinubi barazani, na Ekegusii mlangoni kila anapobisha jirani.

Usiku wa pili, baada ya Isha, mvua ilikuwa ikipiga mabati kwa kishindo, na wapwa wetu wakaomba tutazame picha. Mkubwa wao, aliye mwaka wa mwisho sekondari, alikuwa ameihifadhi katika kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye runinga. Dada yetu alikubali kwa sharti moja: rimoti iwe mkononi mwake, na panapotokea la kuaibisha aruke mbele bila kuombwa ruhusa. Picha yenyewe ilikuwa Casino Royale ya mwaka 2006, ya yule jasusi wa Kiingereza ajulikanaye kwa nambari 007.

Tukiri mapema, kwani kuficha ni unafiki: sisi ni wapenzi wa zamani wa picha hizi. Ujanani mwetu Mombasa, baba yetu alituruhusu kwenda sinema sikukuu ya Idi peke yake. Basi vijana tulijipanga nje ya Naaz au Regal, kanzu zikiwa bado na harufu ya udi, mikono imekamata sarafu za Idi. Wengine walifuata picha za Kihindi, wakatoka macho mekundu kwa machozi. Sisi na marehemu kaka yetu tulimfuata jasusi. Tangu siku hizo tumewaona waigizaji wote sita waliobeba jina hilo katika mfululizo rasmi, na rai yetu juu ya kila mmoja tunayo, nayo tutaitoa leo. Lakini kwanza lazima tueleze kilichotokea Daraja Mbili, maana ndicho kilichotufanya tuzipime upya rai hizo.

Picha hiyo yaanza kwa rangi nyeusi na nyeupe. Jasusi anaua watu wawili, na kwa mauaji hayo anapata daraja la sifuri mbili, yaani kibali cha kuua kwa niaba ya serikali yake. Baada ya hapo yakatokea maandishi kwenye kioo: Mbale, Uganda. Tukaona kambi ya waasi porini, watoto wenye bunduki, mvua, matope, na kamanda wao akikabidhi fedha kwa mtu wa kumtunzia.

Hapo mpwa wetu wa kike alipasua kicheko. Yeye ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichopo Mbale hiyo hiyo, na alikuwa nyumbani kwa likizo. "Mjomba," akasema, "hapo ndipo ninaposoma? Mbona sijawahi kuiona kambi hiyo?" Wasomaji wetu wengi wanaijua Mbale, kwa sababu tangu chuo kile kifunguliwe mwaka 1988 familia za Pwani zimepeleka watoto wao huko. Ni mji ulio chini ya Mlima Elgon, mashariki mwa Uganda, karibu na mpaka wa Kenya. Waasi wa Lord's Resistance Army waliotajwa katika picha walianzia kaskazini, katika nchi ya Waacholi. Na msitu tuliouona hauko Uganda kabisa. Sehemu ile ilipigwa katika bustani ya miti iitwayo Black Park, huko Uingereza. Mtu alichukua ramani, akachagua jina linalosikika kama mbali, akalivika vita. Tulicheka pamoja na binti, lakini kicheko chetu hakikuwa kirefu.

Kisha tukafika Madagaska. Jasusi anamfukuza mtengeneza mabomu juu ya mihimili ya jengo, mbio za kukata pumzi, hadi ndani ya uani wa ubalozi. Amezingirwa na walinzi. Anamwachia mateka wake, anainua bastola, na mbele ya kamera za ulinzi anampiga risasi mtu yule ambaye hakuwa na silaha mkononi. Analipua mtungi wa gesi, anatoweka na mkoba wa mtu.

Na hapo stima ikapotea.

Katika kiza kile, kabla hata taa ya betri haijawashwa, mpwa wetu mdogo, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mjomba, ile ruhusa ya kuua, nani humpa? Na akikosea mtu, je?"

Hakuna aliyejibu. Baba mkwe wa dada yetu alikohoa. Shemeji akasema taa iko wapi. Na kama ilivyo desturi ya watu wazima walioulizwa jambo zito, tulihamia jepesi: tukaanza kubishana ni nani kati ya waigizaji sita aliyekuwa bora. Ubishi ulidumu hadi mvua ikakatika, nao ulikuwa mtamu. Lakini swali la mtoto lilikaa katikati yetu muda wote kama mgeni ambaye hajakaribishwa chai, na kila tuliyemtaja tulijikuta tunampima kwalo.

Tuanze na Sean Connery, maana ndiye wa kwanza na ndiye wa mzee. Baba mkwe huyo alimwona Nairobi alipokuwa karani kijana, na kwake jasusi mwingine ni mwigo. Connery alikuwa mtoto wa Edinburgh, Uskoti, aliyewahi kusambaza maziwa kabla ya umaarufu. Alianza na Dr. No mwaka 1962. Ian Fleming, mwandishi aliyembuni jasusi huyu katika kitabu cha mwaka 1953, alimtilia shaka mwanzoni, kisha akaridhika naye hata akampa jasusi wake asili ya Kiskoti katika vitabu vilivyofuata. Hatuna ubishi na mzee kuhusu haiba. Connery huingia chumbani kama chui aingiaye zizini, bila haraka. Hakuna mwingine aliyevaa suti vile.

Lakini tazameni anavyoua. Katika Goldfinger ya mwaka 1964, dakika za mwanzo tu, mtu anaangukia ndani ya hodhi la maji, Connery anamsukumia kifaa cha umeme, mtu anakufa, na jasusi anatoa neno la mzaha huku akivaa koti lake. Ukumbi mzima hucheka. Tulicheka nasi, na sarafu za Idi mfukoni. Kwake maiti ni mlango wa kichekesho. Na tusisahau Never Say Never Again ya mwaka 1983, iliyotengenezwa nje ya mfululizo rasmi, ambamo Connery alirudi akiwa na miaka hamsini na mitatu hivi: huko Afrika ya Kaskazini, Waarabu wapanda farasi wanafanya mnada wa mwanamke wa Kizungu. Mzee alipokumbushwa hilo alinyamaza kidogo, akasema, "Hiyo kweli walitukosea."

Wa pili ni George Lazenby, Mwaustralia, aliyekuwa mwanamitindo, akafanya picha moja tu, On Her Majesty's Secret Service, mwaka 1969. Wengi humdharau. Sisi tunasema kazi yake ni ngumu kwa mtu asiyekuwa mwigizaji, ila ile picha ni bora kuliko sifa zake. Humo jasusi anaoa, ndoa yake ya pekee katika mfululizo wote, na mkewe anauawa siku ile ile ya harusi. Lazenby anamkumbatia maiti garini na kumwambia askari aliyepita kwamba amepumzika tu. Hapana mzaha hapo. Kwa mara ya kwanza kifo kilimfika mwenyewe nyumbani, na ukumbi haukucheka. Lakini yalikuwa machozi ya aliyefiwa. Aliowafisha yeye hakuwalilia.

Wa tatu, Roger Moore, ndiye kipenzi cha dada yetu, na kwa kweli ndiye wa utoto wetu. Picha saba, kuanzia 1973 hadi 1985. Akiinua unyusi mmoja, sinema nzima iliinua nao. Katika The Spy Who Loved Me ya mwaka 1977 alikuja Misri, akavaa mavazi ya Kiarabu na kupanda ngamia, akapigana na lile jitu lenye meno ya chuma kati ya nguzo za mahekalu ya kale. Kaka yetu marehemu aliigiza pambano hilo Idi nzima, sisi tukiwa jitu. Dada anampenda kwa sababu, anasema, "yule hakuwahi kuonekana mkatili." Kweli, Moore alifanya kuua kuwe mchezo wa watoto, na hilo ndilo tatizo letu naye.

Hata hivyo tumtendee haki. Moore mwenyewe hakupenda bunduki, na alilisema hilo hadharani mara nyingi. Katika For Your Eyes Only ya mwaka 1981 kuna mahali gari la muuaji limening'inia ukingoni mwa jabali, na jasusi analisukuma kwa teke litumbukie. Moore alisita kuigiza teke lile. Aliona halimfai jasusi wake. Alipostaafu kazi ya ujasusi wa bandia aliteuliwa mwaka 1991 kuwa balozi mwema wa UNICEF, na miongoni mwa kazi alizozibeba ni kampeni ya kutia madini joto kwenye chumvi ili watoto wasipate madhara ya upungufu wake. Alifariki mwaka 2017. Mtu aliyeua kwa mzaha mara nyingi juu ya kioo alimaliza umri wake akihubiri chumvi. Dada yetu aliposikia hilo gizani alisema, "Niliwaambia."

Wa nne ni Timothy Dalton, naye ndiye wetu. Twajua tunasimama peke yetu. Alifanya picha mbili tu, 1987 na 1989, na watu walimwona mkavu, hana mzaha, uso wake kama mtu aliyekosa usingizi. Mpwa wetu mkubwa hakuwa hata amemsikia. Basi tukamsimulia mwanzo wa The Living Daylights. Jasusi ametumwa Bratislava kumlinda jenerali anayetoroka upande wa Wasovieti. Amri ni wazi: akitokea mdunguzi, amuue. Mdunguzi anatokea dirishani. Ni mwanamke, mpiga fidla kubwa aliyemwona jukwaani dakika chache kabla. Dalton anamtazama kupitia darubini ya bunduki, anaona jinsi anavyoishika silaha, anaelewa kwamba huyu si muuaji wa kazi. Ana kibali, ana amri, ana kidole kwenye kifyatulio. Anahamisha shabaha, anapiga bunduki badala ya mtu. Mwenzake anamtishia kwamba atamshtaki kwa wakubwa. Dalton anamjibu kwamba na amshtaki.

Picha nzima baadaye inathibitisha kwamba alikuwa sahihi: mwanamke yule alikuwa ametumiwa, na risasi zake zilikuwa bandia. Angeuawa kwa kosa la wengine. Sisi tuliitazama mara ya kwanza bila kulitambua hilo. Tulifurahia magari tu. Usiku wa Daraja Mbili, swali la mtoto likiwa bado hewani, ndipo tulipoelewa kwa nini miaka yote tumempenda mwigizaji huyu ambaye hakuna ampendaye. Kati ya wote sita, ndiye aliyetuonyesha kwa uwazi mtu mwenye kibali akiuzuia mkono wake kwa sababu hakuwa na yakini.

Na katika picha hiyo hiyo pana somo jingine. Dalton anakwenda Afghanistan, anapanda farasi pamoja na mujahidina dhidi ya Wasovieti. Kiongozi wao, Kamran Shah, ni msomi wa Oxford, mcheshi, shujaa. Aliigizwa na Art Malik, mzaliwa wa Pakistan. Ilikuwa mwaka 1987, na mujahidina walikuwa marafiki wa Magharibi. Miaka saba baadaye, katika True Lies ya mwaka 1994, picha nyingine ya jasusi, Art Malik yule yule alipewa kuigiza gaidi mwenye bomu la nyuklia. Uso ni mmoja, ndevu zile zile; kilichobadilika ni haja ya mwandishi. Tuliwaambia wapwa wetu: mkitaka kujua picha inawaonaje, msitazame jasusi, mtazameni aliyewekwa mbele ya bastola yake, na muulize mwaka ule alikuwa na urafiki na nani.

Wa tano, Pierce Brosnan wa Ireland, ndiye wa shemeji yetu, mtu wa vifaa na magari. Picha nne, 1995 hadi 2002. Nadhifu, mwepesi, kama kwamba wamechukua haiba ya Connery na mzaha wa Moore wakavitia katika chupa moja. Tunampa heshima ya kazi, lakini watu anaowamiminia risasi hawahesabiki. Ajabu ni kwamba ni katika picha yake, GoldenEye, ambapo jasusi aliulizwa swali ambalo hajawahi kulijibu. Adui yake, aliyekuwa mwenzake kazini, anamuuliza iwapo vile vinywaji vyake vimewahi kunyamazisha vilio vya watu wote aliowaua. Brosnan yuko kimya. Sisi Waislamu tumezoea kukemea glasi ile kwa sababu ya kilichomo. Huyo adui alikwenda mbali zaidi: aliuliza inazimisha nini. Dhamiri haizimwi kwa kinywaji, wala kwa suti nzuri, wala kwa neno la mzaha.

Wa sita, Daniel Craig, ndiye wa vijana wote wa nyumba ile. Alipotangazwa mwaka 2005 wapenzi wengi walipiga kelele kwamba jasusi hawezi kuwa na nywele za dhahabu. Akawanyamazisha. Picha tano, ya mwisho ikiwa No Time to Die ya mwaka 2021, ambamo jasusi anagundua ana binti, na anakufa ili binti aishi. Craig hutoka damu, huchoka, hukosea. Baada ya pambano ngazini katika Casino Royale anajitazama kiooni, mikono na shati vina damu, na si mzaha unaotoka. Kwa uigizaji, kijana wetu ana haki: huyu ndiye mkubwa kuliko wote. Tunamtanguliza Dalton kwa moyo, si kwa kipimo.

Ikabaki zamu ya binti wa Mbale. Akasema hamtaki yeyote kati ya hao sita. Yeye alimtaka Idris Elba, Mwingereza mwenye mama Mghana na baba wa Sierra Leone, ambaye miaka mingi jina lake lilitajwa kwa kazi hiyo na ambaye Serikali ya Zanzibar ilitangaza kumtengea ardhi ya kujenga studio ya filamu. Ndugu yake akamwambia Elba ameshapita umri. Sisi tukawakumbusha kwamba Waswahili tulikuwa na jasusi wetu kabla yao kuzaliwa: Willy Gamba, aliyebuniwa na Mtanzania Elvis Musiba katika riwaya za Kiswahili, akipambana na maadui wa ukombozi wa kusini mwa Afrika. Naye pia alikuwa mpenda starehe na mwepesi wa bastola. Kubadilisha rangi ya mkono ulioshika kibali si jibu la swali la mtoto.

Tulirejea basi kwenye swali, kwa sababu usiku ule hatukulala vizuri.

Katika mtaa wetu, kule Mombasa, yuko mama mmoja tunayesali msikiti mmoja na wanawe. Miaka kadhaa iliyopita, kijana wake alichukuliwa njiani na watu waliovaa kiraia, wakampakia katika gari lisilo na nambari. Mama alizunguka vituo vya polisi, kisha hospitali, kisha vyumba vya maiti. Hakuna aliyekubali kuwa naye. Hajarudi. Hatudai kujua kijana alifanya nini au hakufanya nini. Hilo lilikuwa la mahakama kulijua, na mahakama haikupewa nafasi. Tunalolijua ni hili: mkewe hajui kama ni mke au ni mjane. Hajui akae eda au asubiri. Kilichokuwa chake hakiwezi kugawanywa, kwani mirathi haigawanywi ya mtu asiyejulikana kuwa amekufa. Mtoto wake huulizwa shuleni baba yuko wapi, na hana neno la kutumia. Mwezi Desemba 2016 shirika la Haki Africa la Mombasa lilitoa ripoti juu ya mauaji na kupotezwa kwa watu wa Pwani, iliyokusanya visa themanini na kimoja tangu mwaka 2012. Jina la ripoti lilikuwa swali: tuziambie nini familia?

Hayo ndiyo tuliyoyanyamazia gizani. Mtoto aliuliza juu ya picha, lakini alikwisha kuyasikia mazungumzo ya wakubwa kuhusu yule kijana wa Mombasa. Watoto husikia wakiwa wamelala.

Asubuhi tulishuka naye sokoni kununua ndizi, na njiani tukamjibu. Tukamwambia kwamba katika nchi hii hakuna mtu mwenye kibali kile. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 26, inampa kila mtu haki ya kuishi. Na kifungu cha 49 kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa ishirini na nne kupita, kama si siku ya kazi basi siku ya mahakama inayofuata. Tukamwambia kwamba katika dini yetu kuchunguza siri za watu kumekatazwa, na kumwaga damu bila haki ni katika madhambi makubwa kabisa, na kwamba hakimu wetu ameamrishwa kuziepusha adhabu panapokuwa na shaka. Tukamwambia hata katika ile picha, jasusi alipompiga risasi mtu asiye na silaha, magazeti yaliandika na mkubwa wake akamkemea vikali. Angeiona sehemu hiyo kama stima isingepotea.

Alitembea kimya mpaka tukafika penye wauza ndizi. Kisha akasema, "Basi wa picha ana mtu wa kumuuliza."

Hatukuwa na jibu zaidi ya kumnunulia parachichi.

Wasomaji wetu, hatuwaambii mzitupe picha hizi. Tungekuwa wanafiki, usiku wa pili stima iliporudi tuliimalizia, rimoti ikifanya kazi yake. Tunawaomba mambo matatu. La kwanza, tazameni pamoja na watoto wenu, wala msiwaachie chumba peke yao, kwa maana swali la mpwa wetu lisingeulizwa kama angekuwa peke yake na simu chini ya blanketi. La pili, jasusi anapoua na ukumbi kucheka, simamisheni picha kidogo na muulize aliyekufa alikuwa nani, na nyumbani kwake wameambiwa nini. La tatu, msifanye tulivyofanya sisi. Mtoto akiuliza gizani, ajibiwe gizani, wala asingojeshwe mpaka asubuhi.

Kuhusu atakayekuwa wa saba, kampuni ya Amazon ilichukua mwaka 2025 usukani wa mfululizo huu kutoka mikononi mwa familia iliyoulea tangu mwanzo, na vijana wa Daraja Mbili wanasubiri jina kwa hamu. Nasi tunasubiri. Tutamtazama anavyovaa suti na anavyoendesha gari, maana upenzi hauishi kwa siku moja. Lakini zaidi tutautazama mkono wake pale atakapokuwa na amri, na kibali, na shaka.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarudishe waliopotezwa kwa jamaa zao, na asiyerudi awape watu wake yakini ya kumsalia. Barua zenu tunazipokea kama kawaida. Mwenye kumtetea Connery naye aandike, mzee wetu wa Kisii atafurahi kupata mwenzake.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.